Somo: Kuwapeleka watoto kwenye mchanga unaopanda mlima, Msimbati

Watoto wengi wa Mtwara mjini wanakua bila kuuona mchanga wa Msimbati kwa macho yao, na uko takribani kilomita 40 tu kutoka mjini. Wageni wanasafiri kutwa nzima kutoka Dar es Salaam kuja kuushangaa. Wa kwetu wanausikia redioni. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika somo hili: familia ya kawaida inaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, mradi ipange siku kwa kufuata upepo, jua na maji ya bahari, si kwa kufuata siku gari litakapopatikana.

Hatua ya 1: Chagua siku

Mchanga hupanda kwa nguvu ya upepo. Ukienda siku ya shwari utakuta kilima kimetulia, na watoto watakuuliza maajabu yako wapi. Msimu mzuri ni wa kusi, hasa Juni mpaka Septemba, upepo unapovuma kutoka kusini-mashariki na mvua zimekatika. Mchanga uliolowa haupandi popote, kwa hiyo masika usijisumbue.

Halafu angalia mwezi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakiwa ya bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kupita siku nyingine, pwani yetu hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, nyakati hizo huchelewa kwa kama dakika 50. Ukienda siku za bamvua, watoto wanapata ufukwe mpana asubuhi, wakati jua bado halijakolea. Ukiwa na shaka muulize mvuvi yeyote wa Shangani, hapa Mtwara mjini. Atakujibu bila hata kutazama simu.

Hatua ya 2: Usafiri na kiingilio

Njia ni ya kuelekea Madimba, kule kwenye mitambo ya kuchakata gesi, kisha Msimbati. Ukikaribia pwani kuna vipande vya mchanga mzito ambavyo gari dogo la chini hulia navyo. Kama mnakodi, kodini gari la juu, na dereva awe anaijua njia hiyo.

Eneo hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kwa hiyo kuna kiingilio. Ulizeni viwango vya sasa kabla ya kuondoka, beba kitambulisho cha uraia, na dai risiti. Pale kijijini tafuta mwenyeji wa kuwaongoza mpaka kilimani, mpatane naye mapema. Ni haki yake, na ndiye anayejua pa kukanyaga na pa kuacha.

Hatua ya 3: Mzigo

Maji ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu mzima na si chini ya moja kwa mtoto. Kofia, kanga mbili tatu, na viatu vya kufunga, kwa sababu ndala zinabaki mchangani. Chakula kiwe kwenye hotipoti yenye mfuniko unaobana. Upepo ukikaza, wali ulio kwenye sinia la wazi hauliki. Mimi napendelea mihogo ya kuchemsha, chapati na samaki wa kukaanga, vitu vya kushika mkononi. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki. Chembe za mchanga huingia kwenye tundu la chaji.

Hatua ya 4: Kilimani

Fikeni saa mbili au saa tatu. Kwanza waache watoto wapande, wateleze, wachoke. Wateleze kwa makalio, miguu ikitangulia, kamwe si kichwa mbele. Usiruhusu mtoto achimbe shimo linalopita magoti yake, wala handaki. Mchanga mkavu hauna mshiko, kuta zake huporomoka ghafla na kumfukia mtu kabla hujasimama. Hilo silifanyii mzaha.

Wakishatulia, ndipo safari inapoanza kuwa na maana. Mlaze mtoto kifudifudi upande unaopigwa na upepo, kisogo chake kikielekea upepo unakotoka, jicho lake karibu na ardhi. Ataona chembe zinaruka. Moja inanyanyuka kidogo, inasukumwa mbele, inaanguka, inaigonga nyingine nayo inaruka. Nyingi hazivuki hata usawa wa goti, ndiyo maana ukisimama macho yako yako salama lakini vifundo vya miguu vinachomwachomwa. Hapo mtoto atakuwa ameielewa siri yote. Hakuna anayeusukuma mlima. Ni chembe moja moja inayopandishwa na upepo mpaka kileleni, kisha inaporomokea upande wa pili. Upande wa upepo huwa na mteremko wa pole, upande wa pili huwa mkali, kwani mchanga mkavu ukizidi mwinuko wa kama nyuzi 34 lazima uteleze.

Fanyeni na jaribio hili. Tafuteni vile viwimbi vidogo vilivyochorwa na upepo juu ya mchanga. Chomeka kijiti palepale kwenye mgongo wa kiwimbi kimoja, kisha nendeni mkacheze. Mkirudi baada ya nusu saa, upepo ukiwa mzuri, kiwimbi kitakuwa kimekiacha kijiti nyuma. Nimewaona watoto wakikimbilia kile kijiti wakipiga kelele "kimehama!", na ni wale wale ambao darasani huwezi kuwatuliza.

Kuna mmea unaotambaa mchangani wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika kama kwato za mbuzi. Msiung'oe. Mizizi yake ndiyo inayoshika mchanga.

Hatua ya 5: Mchana na kurudi

Kuanzia saa tano na nusu tokeni kilimani. Mchanga mkavu juani unaweza kupita nyuzi joto 50, unaunguza nyayo kweli. Kaeni kivulini, mle, mswali, wadogo walale. Saa tisa rudini kilimani kwa muda mfupi, kwa sababu mara nyingi huo ndio wakati upepo wa bahari umekaza na mchanga unaonekana vizuri zaidi. Saa kumi na nusu muwe garini. Anayetaka kuogelea asidhani bahari yote pale ni ya kina kifupi. Mtoto asiwe mbali nawe kupita urefu wa mkono.

Maswali ya wasomaji

*Mama Nasra, Chikongola: Shikamoo shangazi. Wangu ana miaka miwili, nimwache?*

Marahaba mwanangu. Mbebe, ila asubuhi tu. Saa tisa upepo ukikaza mchanga unampiga usoni, maana uso wake ndio ulio karibu na ardhi. Baki naye kivulini, wakubwa waende na baba yao.

*Baba Hamisi, Lindi: Kutoka huku inawezekana kwenda na kurudi siku moja?*

Inawezekana, kaka. Lindi mpaka Mtwara ni kilomita mia moja na ushee, lami. Tokeni mara baada ya swala ya alfajiri. Lakini kama mna ndugu Mtwara au Mikindani, laleni kwao usiku wa kuamkia safari, watoto wafike na nguvu.

*Mwalimu, Masasi: Wanafunzi wangu wananiuliza kama hili ni jangwa. Na je, mchanga huu ni sawa na ule unaohama wa Olduvai, kule Ngorongoro?*

Si jangwa, mwalimu. Jangwa kwa kawaida hupata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Mtwara tunapata mara kadhaa ya hiyo. Vilima vya mchanga vinahitaji vitu viwili tu, mchanga mkavu wa kutosha na upepo, na pwani ina vyote. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro huko Songea na kubeba mchanga mpaka baharini, kisha mawimbi yanautupa ufukweni. Ule unaohama karibu na Olduvai ni mweusi, ni majivu ya volkano, nao husogea mita kadhaa kila mwaka. Kanuni ya upepo ni ileile, kwa hiyo somo lako la jiografia linabeba yote mawili.

*Zuhura, Ligula: Watoto wanaweza kuja na mchanga kwenye chupa?*

Hapana, mdogo wangu. Ni hifadhi, na kila mtu akichota chupa yake kilima kinaumia. Wapige picha, wachore.

*Kijana wa Mikindani: Mama, gari likizama?*

Usikanyage mafuta, matairi yatazidi kuchimba. Shusheni watu wote, toa mchanga mbele ya matairi kwa mikono, punguza upepo wa matairi kidogo ili yatanuke, tandika makuti au matawi makavu yaliyoanguka chini, kisha ondoka taratibu kwa gia ya chini. Mkishavuka, jazeni upepo kabla ya kushika mwendo. Pampu ya mkono iwe garini tangu nyumbani.