Kumpata Mratibu wa Mkutano Mwanza: Jueni Kwanza Analipwa na Nani

Chama chetu cha kitaaluma kiliwahi kumkabidhi mratibu fedha zote za mkutano mkuu, na siku tatu kabla ya ufunguzi hoteli ikatuarifu kwamba vyumba vyetu havijalipiwa hata malipo ya awali. Tulichangishana usiku uleule. Sisemi kwamba waratibu hawafai, kwa sababu mkutano wa watu 200, wenye wageni kutoka Kisumu na Jinja, una kazi ambazo kamati inayojitolea baada ya saa za kazi haiwezi kuzibeba.

Hatua ya kwanza ni kuandika hadidu za rejea kabla ya kuzungumza na mratibu yeyote: idadi ya washiriki, siku, lugha, bajeti, na hasa kazi zitakazobaki kwenu. Mada na watoa mada vibaki mikononi mwa kamati. Mratibu ashike usajili, ukumbi, malazi, usafiri, chakula na vipaza sauti. Epukeni wiki ya Nane Nane, kwani maonesho ya Nyamhongolo huleta wageni wengi jijini.

Hatua ya pili, ombeni mapendekezo ya maandishi kutoka kwa waratibu wasiopungua watatu, wote wakijibu hadidu zilezile. Kila mmoja alete TIN (namba ya mlipa kodi), leseni ya biashara na wateja wawili wa zamani, nanyi muwapigie wateja hao simu na kuwauliza walikabidhiwa hesabu siku ngapi baada ya mkutano.

Hatua ya tatu ni malipo, na hapa naomba msiwe na haraka. Mratibu anaweza kulipwa ada maalumu, asilimia ya bajeti, au kamisheni kutoka kwa hoteli na watoa huduma wengine. Asilimia humpa sababu ya kuikuza bajeti, na kamisheni huweza kumfanya awapendekezee ukumbi unaomlipa vizuri badala ya ukumbi unaowafaa. Mimi huchagua ada maalumu, pamoja na kifungu kinachomtaka ataje kila kamisheni aliyopewa na kuipunguza katika ankara yenu. Ada za washiriki ziingie katika akaunti ya chama, na hoteli ilipwe na chama moja kwa moja. Laiti tungefanya hivyo, usiku ule usingetukuta. Yeye mwenyewe mlipeni kwa awamu, na fungu la mwisho litoke baada ya kukabidhi hesabu na risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi. Ulizeni pia kama bei yake imejumuisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, kwa sababu tofauti hiyo inatosha kuvuruga bajeti nzima.

Hatua ya nne, kagueni ukumbi pamoja naye katika saa zilezile za mkutano. Katika kumbi za ufukweni, mwanga unaoakisiwa na maji huweza kufifisha picha ya projekta, na upepo wa ziwani huangusha mabango. Jenereta iwashwe mkiwa mmesimama pale.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo Katibu. Je, tumwite mratibu kutoka Dar es Salaam? (Mwanachama, Sengerema)*

Marahaba. Inawezekana, lakini nauli na malazi yake yatakuwa juu yenu. Mpimeni kwa ujuzi wake wa huku: je, anajua kwamba daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, au bado atawapangia wageni wa Geita safari kwa hesabu ya kusubiri kivuko?

*Ndugu Katibu, mratibu wetu ameandika wakalimani wawili kwa Kiswahili na Kiingereza pekee. Je, anatuongezea gharama? (Mwanachama, Ilemela)*

Hapana, hapo yuko sahihi. Wakalimani wa papo kwa papo hupokezana takriban kila dakika 30, kwa kuwa kazi hiyo huchosha akili upesi na mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno.

*Mkutano ukiahirishwa, fedha zetu zitarudi? (Mwanachama, Magu)*

Zitarudi kwa kadiri mkataba unavyosema, kwa hiyo kabla ya kusaini, kiandikwe kiasi kinachorejeshwa kulingana na siku zilizobaki, na mratibu awaoneshe mkataba wake na hoteli ili masharti ya mikataba hiyo miwili yalingane.