Kabla ya kukata ekzosi ili masanduku makubwa yaingie: mambo ya kuzingatia

Pikipiki nyingi za safari ndefu zina silensa (kopo la mwisho la ekzosi linalopunguza sauti) nene iliyoinuka upande wa kulia, na hapo ndipo sanduku la mizigo la kulia linapokwama. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. BMW R 1200 GS ya injini ya kupozwa kwa maji, iliyotoka 2013, silensa yake iko kulia, na masanduku yake ya alumini hayalingani: la kushoto linabeba lita 44, la kulia lita 36. Lita 8 zimeliwa na silensa. Asiyetaka sanduku dogo upande mmoja huishia na keria, yaani fremu inayobeba masanduku, iliyosukumwa nje, na kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, ambako tunapita kushoto, upande unaochomoza ndio unaotazama malori yanayokuja. Kwa hiyo nawaelewa kabisa wanaotaka kuisogeza ekzosi. Ninachoomba ni kwamba msumeno uwe kitu cha mwisho kushikwa.

Anza na masanduku yenyewe. Usikate bomba kwa vipimo ulivyosoma mahali. Yawe mkononi, keria iwe imefungwa, nawe umeyapakia mzigo unaokusudia kubeba, kwa maana sanduku lenye kilo 10 hukaa tofauti na tupu: keria hulala kidogo, begi la kitambaa hutanuka na kuning'inia. Ndipo upime nafasi iliyobaki. Mara nyingine utagundua kwamba unachohitaji ni sentimita tatu tu, na hizo unaweza kuzipata kwa kugeuza mabano ya keria au kununua silensa fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako. Angalia pia kikomo cha uzito. Watengenezaji wengi huruhusu kilo 10 hivi kwa kila sanduku, na sanduku kubwa halikiongezi kikomo hicho. Linakushawishi tu ukivuke, na fremu ya nyuma ndiyo inayopasuka.

Kuna jambo linalosahaulika sana: tundu la boliti. Katika pikipiki nyingi, boliti inayoshika silensa ndiyo hiyohiyo inayoshika pedeli ya abiria au mguu wa keria. Ukiihamisha silensa, keria imepoteza nguzo moja. Amua mapema itashikwa na nini, kabla bomba jipya halijachukua nafasi ya bano hilo.

Sasa njia ya bomba. Kuna njia mbili kuu, kulishusha au kulisogeza ndani karibu na gurudumu, na kila moja ina gharama yake. Ukilishusha, unapunguza nafasi kati ya pikipiki na ardhi, na mdomo wa bomba unakaribia maji; injini ikizimika katikati ya kijito huku mdomo umezama, maji yanaweza kupanda ndani. Ukilisogeza ndani, adui ni mkono wa gurudumu la nyuma. Honda CRF1000L Africa Twin, kwa mfano, gurudumu lake la nyuma hupanda na kushuka safari ya milimita 220. Bomba linaloonekana limekaa vizuri pikipiki ikiwa imesimama linaweza kugongwa vibaya kwenye tuta la kwanza la Mikumi. Namna ya kupima ni moja tu ya kuaminika: fungua shokapu, inua gurudumu kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake, kisha tazama. Litazame tairi, mnyororo, mpira wa breki na nyaya za sensa. Usiridhike na kukalia kiti na kurukaruka.

Ukiwa hapohapo chini, jaribu kuchomoa ekseli ya nyuma. Ikiwa haitoki mpaka ekzosi ifunguliwe, badili mpango. Pancha ndiyo shida ya kawaida kuliko zote safarini, na hakuna atakayependa kufungua bomba la moto kando ya barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda, ndani ya Hifadhi ya Katavi, jua likielekea kuzama.

Joto linahitaji kufikiriwa kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo pikipiki zinapoungua. Moshi unapotoka kwenye silinda unaweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi, na hupoa kadiri unavyosafiri. Maana yake ni kwamba ukilifupisha bomba, umeileta sehemu yenye joto zaidi karibu na mzigo. Sanduku la plastiki la polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na huanza kulegea mapema zaidi. Alumini haitayeyuka, lakini hupitisha joto vizuri mno hadi kwenye kilichomo ndani. Mabegi ya kitambaa ndiyo yanayonitia hofu zaidi, kwa kuwa upepo na mzigo huyasogeza. Mimi sikubali chini ya sentimita tano kati ya begi na bomba, na hata hapo naweka kinga ya bati la chuma cha pua lililoachwa mwanya wa hewa nyuma yake. Mwanya huo ndio unaofanya kazi. Bati lililobanwa moja kwa moja kwenye bomba linakuwa moto kama bomba lenyewe. Bandeji ya ekzosi, yaani utepe unaozungushiwa bomba kuzuia joto, nayo hushika unyevu, na chuma cha kawaida kilichofungwa humo huoza kwa siri. Dumu la petroli na mtungi wa jiko vikae upande wa pili wa pikipiki, siku zote, hata kama mizani ya mzigo itakusumbua.

Halafu kuna sensa ya oksijeni. Kwa pikipiki za sindano ya mafuta, sensa hii husoma moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze petroli. Kiungo kinachovuja kabla ya sensa huvuta hewa ya nje; sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inamimina zaidi, na pikipiki inaanza kunywa mafuta bila sababu inayoonekana. Kwenye njia ambazo vituo viko mbalimbali hilo ni jambo zito. Sensa ibaki mahali pake pa asili, ukataji ufanyike baada yake. Jua pia katalisti, kifaa kinachosafisha moshi, iko wapi, kwani katika pikipiki nyingine iko chini ya injini na katika nyingine imo ndani ya silensa, na usiitoe. Africa Twin ya lita 1.1, iliyotoka mwaka wa modeli 2020, ina vali ya kudhibiti moshi kwenye ekzosi. Yenye kitu kama hicho, kata kwa kujua unachokigusa au usikate.

Kuhusu fundi: Gerezani ya Dar es Salaam, Kariobangi ya Nairobi na Katwe ya Kampala kuna mikono hodari kweli, lakini uliza maswali. Je, ana mashine ya kuchomelea ya TIG na gesi ya agoni inayokinga mshono dhidi ya hewa? Atapeleka gesi hiyo ndani ya bomba pia, ili mshono usiungue upande wa ndani? Ana kona zilizokunjwa bila kubonyea? Kona iliyobonyea hubana moshi. Kataa bomba la maji lenye zinki, hata likiwa la bei nafuu kiasi gani: zinki ikiungua hutoa moshi wa sumu kwa anayechomelea. Bomba lishikizwe kwa nukta chache likiwa kwenye pikipiki, betri ikiwa imefunguliwa na tangi limetolewa, kisha lishushwe na kumaliziwa mezani. Na mwombe asifunge kila kitu kwa ukali. Mita moja ya chuma cha pua ikipanda joto kwa nyuzi 400 hurefuka karibu milimita 7, hivyo panahitajika kiungo cha kuteleza chenye springi na bano lenye mpira. Bomba lisilo na pa kurefukia hupasua mshono.

Kipande cha kukatwa kisiwe kile kilichokuja na pikipiki. Tafuta cha mtumba cha modeli hiyohiyo, ukate hicho, na cha asili ukihifadhi. Siku ya kuuza, ya ukaguzi, au ya mabishano na bima, utakihitaji. Bima iarifiwe kabla, kwa maandishi. Kizuia sauti kilicho ndani ya silensa kibaki. Vijiji tunavyopita alfajiri vina watu waliolala.

Mdomo wa bomba upite nyuma ya sanduku. Nyuma ya masanduku mapana hewa hujizungusha na kurudi mbele, na moshi unaotokea katikati yake unaweza kumfikia abiria na kuingia kwenye mabegi.

Usiende safarini moja kwa moja kutoka gereji. Injini ikiwa baridi, pulizia maji ya sabuni kwenye viungo, iwashe, utazame povu. Kisha bandika kipande cha mshumaa ndani ya kila sanduku, kwenye ukuta unaoelekea gurudumu, kulia na kushoto, na uendeshe saa nzima ukiwa na mzigo kamili kwenye barabara yenye matuta na rasta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi. Ikiyeyuka pande zote mbili, pengine ni jua. Ikiyeyuka kulia tu, kinga ya joto haitoshi na kazi inarudi kwa fundi. Ukifika salama, acha ipoe, kaza boliti zote upya, na uongeze kwenye mfuko wa vifaa springi moja, gaskiti moja na klempu ya kipenyo cha bomba lako jipya, kwa sababu saizi hiyo sasa haimo kwenye kitabu cha pikipiki yako.