Kuomba na kusailiwa masomo ya usingizi kwa wauguzi: nilivyomsindikiza mwenzangu wa Tanga

Wiki tatu mfululizo, kila nikitoka zamu, nilikaa na binti mmoja wa wodini kwetu kwenye steshenari ya Ngamiani tukipambana na maombi yake ya kusomea usingizi. Mimi ni muuguzi wa usingizi, yule anayekulaza kabla ya kisu na kukaa kichwani kwako mpaka uzinduke. Mtaani wananiita dokta wa nusukaputi, nimeshachoka kuwasahihisha. Wenzake watatu sasa wananiuliza maswali yaleyale, ndipo nikaona bora niyaandike mara moja.

Namwandikia muuguzi aliyeko Bombo, Muheza, Korogwe, Lushoto au Pangani, mwenye leseni hai na aliyewahi kukesha na mgonjwa mahututi. Jambo moja litangulie: wanaokusaili wanakuwa na faili lako mezani. Kila neno uliloandika humo ni swali linalokusubiri.

Hatua ya 1: Ruhusa kabla ya chuo

Kama ni mtumishi wa umma, anza na inchaji wako, tovuti ya chuo itasubiri. Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na barua ya kuomba ruhusa ipite ngazi zote. Acha nafasi kwenye mistari ya "kupitia kwa" ili kila mkubwa aweke maoni na mhuri wake. Barua iliyoruka ngazi hurudi ilikotoka, tena kwa mwendo wa kobe.

Kuhusu chuo, wengi wetu wa kaskazini tunatazama KCMC pale Moshi, ambako wauguzi wa usingizi wamefundishwa kwa miaka mingi. Wengine huelekea Dar es Salaam. Soma tangazo la chuo chenyewe, usitegemee picha ya tangazo inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp tangu mwaka juzi.

Na Marekani je? Naulizwa kila wiki. Kule, tangu Januari 2022, anayeanza masomo haya kwenye programu iliyoidhinishwa anaingia moja kwa moja ngazi ya shahada ya uzamivu wa taaluma, kwa miezi isiyopungua 36. Kabla ya hapo lazima uwe na leseni ya uuguzi ya huko, maana yake mtihani wa NCLEX-RN, na angalau mwaka mmoja kamili wa kazi ya wagonjwa mahututi. Inawezekana, lakini ni safari nyingine yenye mwongozo wake. Hapa nazungumzia ya kwetu.

Hatua ya 2: Majina

Hapa ndipo tulipoteza siku nne, kwa hiyo nivumilie.

Kwetu pwani jina moja lina sura nyingi. Kuna Mwanahamisi, Mwanahamis, Mwana Hamisi, na lile alilokubandika mwalimu wa darasa la kwanza kwa haraka zake. Athumani wa cheti hiki ni Othman wa cheti kile. Mwenzangu alikuwa na cheti cha kuzaliwa chenye majina mawili, cha kidato cha nne chenye matatu, cha chuo cha uuguzi kimepunguza herufi moja, na leseni ina jina la mume. Yeye haoni tatizo, kwa sababu wodini wote tunamjua. Anayepokea maombi hamjui. Anaona watu wanne.

Fanya hivi. Tandika vyeti vyote mezani, na kama meza haitoshi tandika mkekani. Chukua karatasi, andika jina kama lilivyo kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wake. Usiandike kwa kumbukumbu. Weka cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cha chuo, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kitambulisho cha NIDA, na barua ya ajira. Barua ya ajira wengi huisahau.

Sasa chagua jina la msingi. Mimi nachukua la kidato cha nne, na wanaobishana nami sijawasikia wakinipa sababu. Mifumo mingi ya maombi inakutafuta kwa namba ya mtihani ile yenye vipande vitatu: kituo, mtahiniwa, mwaka. Ukishaiingiza, jina linakuja lenyewe kama lilivyo kwenye Baraza la Mitihani, nawe huwezi kulibadilisha. Basi vingine vyote vilifuate hilo.

Halafu tenganisha tofauti za aina mbili. Kama ni tahajia tu, au jina la babu limeachwa, au mpangilio umegeuka, unahitaji hati ya kiapo kwa wakili, inayosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Kama umebadili jina hasa, kwa mfano unatumia la mume, kiapo cha kawaida hakitoshi. Hapo inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na nakala ya cheti cha ndoa uwe nayo karibu. Kina dada, kama leseni yako bado ina jina la kwenu, liache hapo hapo mpaka umalize shule. Ndoa haitapungua.

Tahadhari zake sasa. Kiapo kitaje kila sura ya jina, moja baada ya nyingine, na kitaje kila sura iko kwenye cheti gani. Cha kwetu cha kwanza kiliacha ile ya NIDA, tukalipa tena. Usikubali kiolezo kilichohifadhiwa kwenye kompyuta ya steshenari bila kukisoma: tulichopewa kilisema mwapaji ni mkazi wa Kinondoni, mwanamume, dereva. Saini ya kwenye kiapo ifanane na ya kwenye leseni. Na unapopakia, usikiweke kiapo peke yake kwenye nafasi ya "viambatanisho vingine" ukadhani mtu atakifungua. Kiunganishe nyuma ya kila cheti chenye jina tofauti, viwe faili moja la PDF. Kilichotuokoa ni hicho.

Kuskani: tumia mashine ya kulaza karatasi, kwa rangi. Simu sizipendi kwa kazi hii. Nimewahi kuona cheti kilichotumwa chuoni kikiwa na kivuli cha kidole chenye hina. Faili likizidi ukubwa unaoruhusiwa, mwambie kijana wa steshenari apunguze ubora wa skani, asikate kingo za cheti, maana mihuri inakaa huko kwenye kingo.

Wanasema Tanga waja leo, waondoka leo. Sisi steshenari tulikuwa waja leo, waja kesho.

Hatua ya 3: Nenda thieta ukakae

Omba ruhusa kwa inchaji wa chumba cha upasuaji ukae na mtu wa usingizi siku zako za mapumziko. Nunua kaunta buku, andika kila mgonjwa bila jina: umri, uzito, upasuaji gani, dawa gani na kiasi gani, nini kilikwenda kombo, kilirekebishwaje. Simu weka mfukoni. Wagonjwa 15 ulioandika vizuri wana thamani kuliko 100 uliopita tu mlangoni.

Hatua ya 4: Barua ya kujieleza

Ukurasa mmoja. Mgonjwa mmoja uliyemwona, ulichojifunza kwake, unarudi kufanya kazi wapi. Basi.

Nilianguka usaili wangu wa kwanza kwa sababu ya barua hii. Niliandika kwamba nina "uzoefu mkubwa wa usingizi kwa watoto". Nilikuwa nimewatazama watoto watatu, mmoja wao kupitia kioo cha mlango. Mzee mmoja kwenye jopo akaisoma sentensi yangu kwa sauti, akavua miwani, akauliza, "Mtoto wa kilo 12, ketamini utampa kiasi gani, na utaivutaje kwenye sindano?" Nikaanza historia ya ketamini, dawa hiyo ya kulaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante.

Hesabu yenyewe ni hii, ili isikukute kama mimi. Miligramu 2 kwa kilo, kwa mshipa, ni miligramu 24. Chupa yetu ya kawaida ina miligramu 50 kwa mililita, kwa hiyo unahitaji chini ya nusu mililita, na hapo mkono ukiteleza kidogo umemzidishia. Vuta mililita 1, ongeza mililita 4 za maji ya sindano, sasa una miligramu 10 kwa kila mililita. Mpe mililita 2.4, taratibu, huku oksijeni na mfuko wa Ambu, ule wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, viko tayari.

Hatua ya 5: Fomu

Jaza, lipa kwa namba ya malipo uliyopewa, tunza risiti.

Hatua ya 6: Usaili

Safiri siku moja kabla. Njia ni ndefu, uende Moshi au Dar, na basi likiharibikia njiani hakuna jopo litakalokungoja. Nguo ya heshima, viatu visivyolia.

Mazoezi tulifanya barazani kwangu jioni, mimi na mwenzangu mwingine tukiwa jopo, kahawa katikati. Sharti langu lilikuwa moja: usinitajie sura ya kitabu, niambie mikono yako inafanya nini kwanza, nini pili. Wasailiwa wengi wanajua dawa. Wachache wanajua mpangilio.

Mfano. Mama amechomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua. Baada ya dakika tatu anasema anasikia kichefuchefu, presha imeshuka kutoka 120/80 hadi 75/40. Jibu la kitabuni linaanza na sababu za mishipa kutanuka. Jibu la mikono linaanza hivi: namwambia daktari wa upasuaji asubiri, nauinamisha mwili wa mama upande wa kushoto ili mfuko wa uzazi usikandamize mshipa mkubwa, nafungua maji yaende kwa kasi, natoa efedrini, dawa ya kupandisha presha, kidogokidogo, napima tena, naangalia ganzi imepanda mpaka wapi na kama anapumua vizuri. Kichefuchefu ni dalili ya presha. Anayekimbilia dawa ya kuzuia kutapika wanamwandika jina.

Oksijeni ya mgonjwa inashuka: 98, 94, 88. Ita msaada, kwa sauti. Mpe oksijeni asilimia 100, mpumulishe kwa mkono, kisha fuata njia kutoka kwa mgonjwa kuelekea mashine: kifua kinapanda, mrija uko mahali pake, mabomba hayajachomoka, mtungi una gesi. Ukianza kupiga kofi oksimeta, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ukidhani imeharibika, umeshapoteza dakika.

Umeme umekatika katikati ya upasuaji. Swali hili wanalipenda, nasi wa hospitali za wilaya tuna jibu kuliko wa mjini: mfuko wa Ambu, mtungi badala ya kontsentreta, ile mashine ya oksijeni inayotumia umeme, tochi, ketamini.

Mtoto alikunywa uji saa 11 alfajiri, amepangwa saa 4 asubuhi. Ni saa 5 zimepita. Kanuni ni saa 2 kwa maji, 4 kwa maziwa ya mama, 6 kwa mlo mwepesi, na uji si maji hata uwe mwepesi vipi. Mtoto anasubiri, na lazima uweze kumweleza mama yake kwa upole.

Halafu lile la mtego: daktari bingwa ana haraka, oksimeta haifanyi kazi, anakuambia laza. Mwenzangu alipouliza barazani ajibuje, tulibishana sana. Msimamo wangu ni huu: kama upasuaji unaweza kusubiri, hapana, na unasema hapana kwa adabu. "Daktari, naomba tupate oksimeta kwanza." Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, inaitaja oksimeta kabla mgonjwa hajalazwa, kwa hiyo hujitungii. Wengi wanajibu "nitafuata maelekezo ya daktari" wakidhani ndiyo heshima.

Na wakikuuliza usichokijua, sema, "Hilo sijaliona, ila ningeita aliyenizidi, na kabla hajafika ningelinda njia ya hewa." Kisha nyamaza. Ukimya wa jopo usikutishe, wanaandika.

Usiku huohuo, hata umechoka, yaandike maswali yote kwenye kaunta buku lako. La mwenzangu ninalo mimi sasa, amelifunika gazeti, na wale watatu wanakuja kulisoma Jumamosi baada ya alasiri. Wote nimewaambia waje na vyeti.