Somo: Kuchagua na Kufunga Kifaa cha GPS kwenye Motahomu

Somo hili ni la ndugu wanaoendesha motahomu, yaani yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, katika barabara za Uingereza na nchi jirani za Ulaya. Wengi wetu tulianza kwa kukodi gari la likizo, tukaweka simu kwenye kishikio na kufuata programu ileile ya ramani inayotupeleka kazini kila siku. Programu hiyo hupanga njia ya gari dogo, na haina habari kwamba juu ya paa lako kuna kiyoyozi wala kwamba nyuma umening'iniza baiskeli nne. Kifaa cha GPS kilichotengenezwa kwa ajili ya motahomu hukuuliza kimo, upana, urefu na uzito wa gari, kisha hukwepa madaraja na vichochoro visivyokufaa. Kwa kuwa kinategemea majibu yako, nitaanza na vipimo kabla hatujafika dukani.

Hatua ya kwanza: pima gari lako mwenyewe

Usinakili kimo kilichoandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji, kwa maana kijitabu hicho kilichapishwa kabla ya paa kuongezewa paneli ya sola, dishi la televisheni au kiyoyozi. Egesha gari kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, magurudumu yakiwa na upepo kamili na matangi ya maji yakiwa matupu, kwa sababu gari tupu husimama juu zaidi kuliko lililobeba mzigo, na sisi tunautafuta ule kimo kikubwa. Panda ngazi, ulaze fito iliyonyooka juu ya kitu kilichochomoza kuliko vyote, ambacho mara nyingi ni mfuniko wa kiyoyozi, na uiache ncha yake ipite nje ya ubavu wa gari. Weka pima maji juu ya fito, mwenzako ainyanyue au aishushe ncha hiyo mpaka kiputo kikae katikati, kisha teremsha tepu kutoka upande wa chini wa fito hadi sakafuni. Usipande juu ya paa lenyewe, kwani mapaa mengi ya motahomu hayakutengenezwa kubeba mtu.

Tuseme umepata mita 2.95. Ongeza sentimita 5 za tahadhari, uandike mita 3.00 pamoja na futi 9 na inchi 10 kwenye karatasi, uibandike kwenye kikinga jua cha dereva. Alama za madaraja ya Uingereza huandikwa kwa futi na inchi, na nyingi za siku hizi zina mita pia, ilhali ukivuka bahari kwenda Ufaransa utakutana na mita pekee. Dereva aliyechoka, mvua ikimpiga kiooni, hapaswi kufanya hesabu za kubadilisha futi kuwa mita akiwa amebakiwa na hatua chache afike darajani.

Upana upimwe mara mbili, kwanza bodi peke yake, kisha kutoka ncha ya kioo kimoja cha pembeni hadi ncha ya kingine. Motahomu nyingi za Ulaya zimejengwa juu ya gari la mizigo la Fiat Ducato au pacha wake wa Peugeot na Citroën, na bodi inayoongezwa nyuma ya kabini mara nyingi hufikia mita 2.3. Upana huo ni zaidi ya futi 7 na nusu. Pale Woodmere Avenue, mjini Watford, kuna nguzo zilizowekwa kuzuia magari yenye upana wa zaidi ya futi 7, na hata madereva wa magari madogo huzikwaruza. Dereva wa motahomu hana la kufanya pale ila kurudi nyuma mbele ya foleni iliyokasirika.

Urefu ujumuishe kibebeo cha baiskeli. Kuhusu uzito, andika ule wa juu unaoruhusiwa, uliogongwa kwenye kibati cha gari, ambao kwa motahomu nyingi ni kilo 3,500. Lakini siku moja lipeleke gari kwenye mizani likiwa na familia, maji na vyombo vyote, ujue kama kweli uko chini ya kiwango hicho.

Hatua ya pili: kuchagua kifaa

Kampuni za Garmin na TomTom zote mbili huuza vifaa vilivyokusudiwa kwa motahomu, na kwa maoni yangu tofauti kati yao ni ndogo kuliko inavyosemwa. Ninayoyaangalia mimi ni haya. Kwanza, ramani iwe imo ndani ya kifaa chenyewe na ihuishwe bila malipo kwa muda wote wa uhai wake, maana kwenye mabonde ya Wales na nyanda za juu za Scotland mtandao wa simu hukatika bila taarifa. Pili, kifaa kiweze kutunza vipimo vya gari na kionyeshe onyo kwenye skrini pale njia inapokaribia daraja lenye kimo kidogo. Tatu, kiwe na njia ya kuunganishwa na kamera ya nyuma, kwa waya au bila waya, kwa kuwa motahomu nyingi hazina kioo cha ndani cha kuonyesha kilicho nyuma.

Ukubwa wa skrini ndipo watu wanapopoteza pesa. Inchi 7 zinatosha kwa kabini ya Ducato, na skrini ya inchi 10 inafaa tu kwenye yale magari yenye uso bapa kama basi, ambako kioo cha mbele kiko mbali na mkono wa dereva. Katika kabini ya kawaida skrini ya namna hiyo hufunika sehemu ya barabara, na kwenye makutano ya mzunguko inaweza kumficha kabisa mwendesha baiskeli.

Hatua ya tatu: mahali pa kukifunga

Hii ndiyo hatua inayohitaji subira kuliko zote. Kaa kwenye kiti cha dereva, funga mkanda, na umwombe mwenzako akishike kifaa kwa mkono sehemu mbalimbali kabla hujabandika chochote. Sheria ya Uingereza inamtaka dereva aione barabara bila kizuizi, na katika ukaguzi wa kila mwaka kuna eneo la kioo, lenye upana wa milimita 290 kwa magari yasiyozidi kilo 3,500, linalopimwa kuanzia katikati ya usukani kwenda pande zote mbili, ambalo ndilo linaloangaliwa kwa ukali zaidi. Kifaa kikae nje kabisa ya eneo hilo, chini, karibu na ukingo wa dashibodi, mahali ambapo jicho linakifikia bila shingo kugeuka.

Epuka mfuniko wa mfuko wa hewa wa abiria, ambao kwa kawaida umeandikwa juu ya dashibodi, na uepuke pia njia utakayopita mfuko huo ukifumuka. Kisha kumbuka jambo ambalo mwenye gari dogo halimhusu: usiku utavuta pazia la kabini au utabandika lile zulia la rangi ya fedha la kuzuia baridi kwenye kioo. Kishikio kilichonatishwa kiooni kitakuwa njiani kila jioni, na baada ya wiki moja utakuwa umechoka kukibandua. Kwa sababu hiyo napendelea kishikio cha mkono mfupi kilichofungwa kwa skrubu au gundi ya kudumu kwenye dashibodi. Na kwenye Ducato zenye kile kibanio cha karatasi katikati ya dashibodi, zipo shikizi zilizotengenezwa kukaa juu yake bila kutoboa kitu.

Ukiamua kutumia mpira wa kunyonya hata hivyo, safisha kioo kwa spiriti, kipashe joto kidogo kwa kipulizo cha gari, ubandike, na ukiache usiku kucha kabla ya kukitundika kifaa.

Hatua ya nne: umeme na waya

Tundu la kuwashia sigara linatosha kwa wengi, mradi chaja iwe ile iliyokuja na kifaa, kwa sababu chaja ya bei rahisi inaweza kutoa umeme mdogo kiasi kwamba betri inashuka huku kifaa kimechomekwa, na baadhi yake huikoroga redio ya dijitali mpaka ikanyamaza. Anayetaka kazi safi atafunga kigeuzi cha volti 12 kwenda volti 5 nyuma ya dashibodi, akichukua umeme kwenye laini inayowaka na kuzimika pamoja na swichi ya gari, na fyuzi ndogo ikae karibu kabisa na pale umeme unapochukuliwa. Usiunganishe kwenye laini isiyozimika ya betri ya injini, maana gari lililokaa kambini siku kadhaa linaweza kukataa kuwaka. Waya upite chini ya ukingo wa dashibodi. Ukilazimika kuupandisha kwenye nguzo ya pembeni, hakikisha kwanza kwamba nguzo hiyo haina mfuko wa hewa.

Hatua ya tano: kujaza vipimo na kujaribu

Chagua aina ya gari kuwa motahomu, angalia kama kifaa kinasoma mita au futi, ndipo uandike vipimo vya ile karatasi. Kisha kijaribu gari likiwa limesimama. Mjini Ely, jimbo la Cambridgeshire, kuna daraja la reli lenye kimo cha futi 9 tu, lililo kando ya kituo cha treni, ambalo limegongwa mara nyingi mno. Weka mwanzo wa safari upande mmoja wa daraja hilo na mwisho upande wa pili, kwanza kwa mpangilio wa gari dogo, halafu kwa mpangilio wa motahomu ya mita 3. Kama njia zote mbili zinapita chini ya daraja, vipimo havijahifadhiwa. Hata vikihifadhiwa, alama iliyo barabarani ndiyo yenye kauli ya mwisho, kwa kuwa ramani hukosa matengenezo ya jana.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Birmingham: Ndugu mwandishi, ahsante kwa somo. Je, siwezi kununua programu ya motahomu kwenye simu niliyo nayo badala ya kifaa kipya?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu. Zipo programu za kulipia zinazopokea vipimo vya gari na kuhifadhi ramani ndani ya simu. Udhaifu wake ni joto, kwani simu iliyo kwenye chaja chini ya jua la kiangazi hupunguza mwanga au kujizima, na pia simu hupigiwa. Kumbuka kwamba tangu Machi 2022 sheria ya Uingereza inakataza karibu kila matumizi ya simu iliyo mkononi wakati wa kuendesha, na adhabu ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Ikiwa utatumia simu, iwe kwenye kishikio na safari iwe imepangwa kabla ya kuondoka.

Mwanachama wa Hamburg: Kifaa changu hunionya kuhusu kamera za mwendo. Nikitoka hapa kwenda Uswisi kupitia Ufaransa, kuna tatizo?

Jibu: Lipo, na linaanzia hapo hapo ulipo. Ujerumani inamkataza dereva kutumia onyo hilo akiwa safarini, Ufaransa inakubali tu maeneo ya hatari yanayotajwa kwa ujumla, na Uswisi ni kali zaidi, kwani kifaa chenyewe kinaweza kuchukuliwa. Zima huduma hiyo kwenye mipangilio kabla ya kuondoka nyumbani. Ukipitia Austria, gari lenye uzito unaoruhusiwa wa zaidi ya tani 3.5 hutakiwa kubeba kisanduku cha kulipia barabara kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, kwa hiyo kiachie nafasi.

Mwanachama wa Leeds: Mbona kifaa changu kinanionyesha niko shambani, mita nyingi kutoka barabarani, hasa nikiwa nimetoka tu kuwasha gari?

Jibu: Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na ishara yake ikifika chini ni hafifu sana. Kifaa kinahitaji kuziona angalau nne ili kijue kilipo. Kama kioo chako kina utando wa madini wa kuzuia joto, ishara hupungua zaidi. Angalia juu ya kioo, karibu na mahali pa kioo cha ndani, kwani vioo vingi vya aina hiyo huachiwa dirisha dogo lisilo na utando. Tatizo likiendelea, tafuta antena ya nje kama kifaa chako kina tundu lake. Pia subiri kidogo kabla ya kuondoa gari, hasa kama umesafirishwa na meli kifaa kikiwa kimezimwa.

Mwanachama wa Muscat: Assalamu alaykum ndugu yangu. Sisi huku tunavuta karavani kwa Land Cruiser. Somo hili linatufaa?

Jibu: Wa alaykumu salaam. Hatua za kupima na kufunga zinafaa zilivyo, ila jumlisha urefu wa gari na karavani pamoja. Tofauti yenu kubwa ni joto: betri ya kifaa haiwezi kuachwa juu ya dashibodi mchana, hivyo chagua kishikio kinachokiachia kifaa kwa mkono mmoja. Tena kuna masharti ambayo kifaa hakiyajui. Njia ya kupanda mlima wa Jabal Akhdar ina kituo cha polisi Birkat al Mawz, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu yote manne hurudishwa, hata kama skrini inaonyesha njia iko wazi.

Mwanachama wa Arusha: Wageni wetu hukodi magari yenye hema juu ya paa na kujiendesha hadi mbugani. Niwafungie kifaa cha namna hii?

Jibu: Usigharamie cha motahomu, kwa sababu ramani zake zimelenga Ulaya. Funga kifaa cha kawaida kinachokubali ramani za Tracks4Africa, au wape programu inayotumia ramani za OpenStreetMap zilizopakuliwa kabla ya kuondoka mjini. Kishikio kiwe cha skrubu, kwani mtikisiko wa barabara za changarawe huangusha mpira wa kunyonya. Kimo wakijue pia, hema likiwa limefungwa, kwa ajili ya mageti na matawi ya miti.