Lori la tani saba lina mchanga tani ngapi? Pima mwenyewe

Ukiagiza mchanga Nairobi, utaulizwa unataka lori la tani ngapi. Fundi naye akikutajia anachohitaji, atakuhesabia wilbaro na makarai. Mmoja anauza uzito, mwingine anatumia ujazo, na anayelipa ni wewe. Mimi ni karani wa stoo kwenye mijengo, sanasana Ruai, Utawala na Kamulu, upande wa mashariki wa Nairobi, na kila anayejenga mimi humsihi jambo moja: usilipe mchanga kwa jina la lori. Pima ndoo, pima bodi (sanduku la nyuma la lori linalobeba mchanga), zidisha.

Kanuni ni fupi. Uzito kwa tani ni mita za ujazo mara uzito wa mita moja ya ujazo. Kazi iko kwenye hiyo namba ya mita moja, kwa sababu haikai mahali pamoja. Mchanga wa mto uliokauka huwa karibu tani 1.5 hadi 1.6. Ukilowa chepechepe na kushindiliwa unaweza kukaribia tani 2. Ukiwa na unyevu kidogo na umetoka kuchotwa kwa sepetu, unaweza kushuka hadi 1.3, maana utando wa maji huzuia chembe zisilaliane na mchanga unafura. Unyevu wa asilimia 5 hivi unatosha kuufurisha kwa robo au zaidi, hasa ukiwa laini. Ukizidi kulowa hadi maji yajae, unarudi kulala kama mkavu.

Ndiyo maana namba ya kuambiwa haitoshi. Chukua ndoo ya rangi iliyosafishwa na uazime mizani ya kuning'iniza kwa wanunuzi wa chuma kuukuu, mtaani hawakosekani. Pima ndoo tupu. Ijaze maji hadi ukingoni, pima tena, toa uzito wa ndoo: kilo za maji ndizo lita za ndoo yako. Usiamini maandishi ya lita 20, kwani ndoo nyingi huingiza zaidi zikijaa hadi mdomoni. Sasa mwaga maji, ikaushe, itie mchanga kwa awamu tatu, kila awamu ukiigonga ndoo chini mara kadhaa. Lainisha juu kwa ubao ulionyooka, kisha pima.

Tuseme ndoo tupu ina kilo 1, ikiwa na maji kilo 22.4, na ikiwa na mchanga kilo 34.2. Hapo ndoo ni ya lita 21.4 na mchanga ni kilo 33.2. Gawanya 33.2 kwa 21.4, upate 1.55. Hizo ni kilo kwa lita, na ndizo hizo hizo tani kwa mita ya ujazo. Huna haja ya kubadilisha chochote.

Lori likifika, panda kabla halijamwaga. Pima bodi kwa ndani, urefu na upana. Kina usikisome pembeni: dunga kipande cha chuma cha ringi hadi kiguse sakafu, kwenye kona nne na katikati, kisha tafuta wastani. Mara nyingi mchanga hupigwa kilima katikati na kona zikabaki chini. Bodi ya mita 3.8 kwa 2 yenye kina cha wastani cha sentimita 50 ina mita za ujazo 3.8. Zidisha kwa 1.55: tani 5.89. Ikiwa umeagiza 7, bodi hiyo ilifaa kujaa karibu sentimita 60. Mwoneshe dereva hesabu kwa upole. Yeye si lazima awe ndiye aliyepakia.

Mchanga unaotoka Machakos hushindiliwa na safari ya Mombasa Road, ndiyo maana tuligonga ndoo. Ukimwagwa chini unalegea, na lundo litaonekana kubwa kuliko bodi. Kwa lundo, pima ndoo upya bila kuigonga. Zungusha kamba chini ya lundo upate mzingo, pima kimo, kisha: mzingo mara mzingo mara kimo, gawanya kwa 37.7. Mzingo wa mita 10 na kimo cha 1.2 ni kama mita za ujazo 3.2. Kanuni hii hufaa lundo la umbo la pia pekee.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, ukinunua kwa mizani unalipia maji pia. Kaanga kilo moja ya mchanga kwenye sufuria kuukuu hadi ukauke kabisa. Zikibaki gramu 926, basi kwenye tani 10 kuna mchanga tani 9.26 na maji kilo 740. Nikiona mchanga unatiririsha maji, mimi huomba bei ipatanwe kwa ujazo wa bodi.

Kuagiza ni kugeuza hesabu. Plasta ya mita za mraba 100 yenye unene wa milimita 15 ni mita za ujazo 1.5. Ongeza asilimia 30, kwani saruji na mchanga hupungua ujazo vikichanganywa na maji: 1.95. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, mchanga ni 1.56, yaani karibu tani 2.4, na saruji ni mifuko 11 ya kilo 50. Halafu ongeza kidogo kwa unaomwagika na unaobaki kwenye chekecheke.

Kwenye risiti andika vyote viwili, mita za ujazo na tani, na dereva atie sahihi kabla bodi haijainuliwa.