Levodopa wodini: anza na saa, kidonge baadaye

Wauguzi wenzangu wa Lindi na Mtwara, mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) huweza kulazwa kwa malaria au kwa kuvunjika nyonga, na siku ya tatu akawa amekakamaa kuliko alivyoingia. Kabla hujasema malaria imemzidi, angalia dawa yake ya kila siku aliipata saa ngapi.

Ubongo wake umepungukiwa dopamini, kemikali inayousaidia kuongoza mwendo wa mwili. Dopamini yenyewe haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kwa hiyo tunampa levodopa, ambayo huvuka na kugeuka dopamini huko huko. Kabidopa iliyomo kwenye kidonge hicho huizuia isigeuzwe njiani, na kichefuchefu hupungua. Lakini levodopa haikawii mwilini: kwa takriban saa moja na nusu, nusu yake imeshatoka kwenye damu.

Hatua ya 1: Uliza saa zake. Ukiambiwa "mara tatu kwa siku," usiridhike. Muulize anayemuuguza nyumbani: anameza saa ngapi hasa, kizima au nusu, na akichelewa anakuwaje? Kliniki moja niliandika kwenye kadi 6, 12, 18. Binti wa mgonjwa akasoma kwa saa zetu: 6 ikawa saa sita mchana, 12 ikawa saa kumi na mbili jioni, 18 hakuielewa, akaiacha. Mzee wa watu akawa hainuki kitandani mpaka adhuhuri, na kosa lilikuwa langu. Sasa naandika kwa maneno: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Kisha namwomba msomaji anisomee kadi kwa sauti.

Hatua ya 2: Linganisha saa hizo na za wodi. Zikipishana, mwone daktari tufuate za mgonjwa. Dozi isichelewe zaidi ya nusu saa, hata kama mzunguko wa dawa haujafika kitandani kwake.

Hatua ya 3: Chakula. Mpe levodopa nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Protini ya samaki, pweza, mbaazi na kunde hugombea njia moja na levodopa. Usimkataze samaki, wazee wetu wengi wamekonda tayari. Sogeza saa ya mlo tu. Akisikia kichefuchefu, kipande cha muhogo wa kuchemsha kinatosha kumtuliza. Vidonge vya madini ya chuma vikae mbali na levodopa kwa saa mbili au zaidi.

Hatua ya 4: Presha. Pima amelala, kisha amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, asitembee peke yake, na daktari aambiwe.

Hatua ya 5: Pekua faili lake. Hapa nawaomba muwe wakali. Metoklopramidi, haloperidoli, klopromazini na promethazini huziba milango ya dopamini. Mgonjwa anatapika, mtu anakimbilia metoklopramidi iliyo karibu, na kesho yake mzee hawezi kugeuka kitandani. Zuia mkono kwanza, mpigie daktari simu.

Hatua ya 6: Asipoweza kumeza. Usiandike "hakumeza" ukapita. Daktari aamue kuhusu mpira wa puani. Kidonge cha kawaida husagwa kwenye maji. Kile kinachoachia dawa polepole hakisagwi kamwe. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa na kuchanganyikiwa, na hiyo ni dharura.

Siku ya kumruhusu, kaa na familia. Waambie mkojo na jasho vinaweza kuwa vyeusi kidogo, wasiogope. Akianza kuona watu wasiokuwepo, wasiseme ana majini wala wasimwachishe dawa. Wamlete siku hiyo hiyo, na kadi mkononi.