Usalama wa Kemikali Maabarani Wakati wa Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Mbeya, Njombe na Makete huwafanya wanafunzi waingie maabarani wakiwa na sweta nzito na skafu, na aliye karibu na dirisha hulifunga bila kuagizwa. Mwalimu anayeandaa vitendo vya kemia msimu huo aanzie hapo, kwenye madirisha na mavazi, kabla hajagusa chupa yoyote.

Madirisha ya pande zote mbili yabaki wazi hata kama wanafunzi watalalamika. Amonia, gesi yenye harufu kali inayochoma pua, humkimbiza mtu yenyewe. Ya kuogopwa zaidi ni haidrojeni salfaidi, ambayo hunuka kama yai viza lakini ikizidi huizima pua, hivyo kutoisikia harufu si ushahidi kwamba gesi imekwisha. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ili kupasha chumba joto, kwa kuwa hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na moto wake unaweza kudaka mvuke wa ethanoli, kimiminika ambacho mvuke wake huweza kuwaka kuanzia takriban nyuzi 13 za Selsiasi.

Skafu zibaki nje, na koti la maabara livaliwe juu ya sweta likiwa limefungwa vifungo vyote, pamoja na miwani ya usalama. Sweta hunyonya asidi na kuishikilia ngozini; ikimwagikiwa, ikatwe kwa mkasi badala ya kuvuliwa kupitia kichwani, ambako ingeburuta asidi hadi machoni. Mkasi na kanga safi ya kumsitiri mwanafunzi viwekwe mahali panapojulikana na wote.

Kuna jambo ambalo walimu waliotoka Pwani huenda hawajawahi kuliona: asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji huganda ndani ya chupa joto likishuka chini ya nyuzi 16.6. Isiyeyushwe juu ya moto, kwa sababu mvuke wake huwaka na chupa inaweza kupasuka. Legeza kifuniko kidogo, kisha isimamishe chupa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, dirisha likiwa wazi, na usubiri.

Unapopunguza ukali wa asidi ya salfuriki, mimina asidi kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga, wala usifanye kinyume. Maji ni mepesi kuliko asidi hiyo, hivyo hukaa juu yake, huchemka ghafla na kurusha matone usoni. Pipeti, yaani mrija wa kupimia vimiminika, ivutwe kwa mpira wake, kamwe isivutwe kwa mdomo.

Kemikali ikigusa ngozi au jicho, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Maji ya Julai yanauma, na mtoto ataomba aachwe mapema. Usimwachie, hasa ikiwa ni sodiamu haidroksaidi, ambayo huendelea kupenya jichoni hata maumivu yakipungua, kisha apelekwe hospitali. Pasipo na bomba, pipa lenye koki lijazwe kabla ya kipindi kuanza.

Kemikali zilizokwisha muda au zisizo na lebo zisimwagwe shimoni wala mtoni. Zitengwe, zifungiwe, na shule iombe mwongozo wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mbeya.